Ngiri: niliyofundishwa na muuza mvuje wa Ngamiani

Kama umekuja kutafuta mzizi wa kurudisha utumbo na kuziba tundu lake, nakwambia mapema usije ukanilaumu: sinao, na anayekuuzia naye hana. Nilicho nacho ni namna ya kuishi na ngiri, yaani utumbo uliotokeza kupitia pengo la ukuta wa tumbo, bila kuichokoza, namna ya kujikinga kwa ambaye hajaipata, na namna ya kuutambua usiku ambao si wa kuvumilia. Sehemu kubwa nilifundishwa na mzee wa Kihindi muuza viungo na mvuje, ule utomvu mkavu wenye harufu kali, hapa Ngamiani, Tanga, ambaye baba yake alikuwa tabibu wa Ayurveda, utabibu wa kale wa Bara Hindi. Iliyobaki nilifundishwa na kinena changu cha kulia.

Mimi nilikuwa kuli. Enzi zetu meli kubwa zikitia nanga mbali, mizigo ikiletwa gatini kwa matishari, na mingi ikipita migongoni mwetu kabla ya kufika ghalani. Ajabu ni kwamba bandari haikunipata. Nilipatikana sokoni Mgandini nikiwa na miaka 51, navuta mkokoteni, siku nilipoinua peke yangu lumbesa ya viazi vya Lushoto, gunia lililojazwa kupita kipimo, kwa sababu mwenzangu alikwenda kunywa chai. Sikusikia maumivu ya kupiga ukelele. Nilisikia kama uzi umeachia mshono ndani ya nyama, kisha joto. Jioni naoga, naona kivimbe cha ukubwa wa ndimu hapo paja linapokunjia. Nikilala chali, hakipo. Nikikohoa, hicho kimerudi.

Nilikaa nacho miezi minane bila kumwambia mtu, hata mama watoto, ambaye bila shaka alikwisha kukiona zamani. Kwetu mwanamume akisema ana mshipa, baraza zima hucheka kwanza, pole huja baadaye.

Jua kwanza unacho nini

Hilo neno mshipa lenyewe ndilo tatizo. Pwani hii kila kitu kinachovimba chini ya kitovu ni mshipa: ngiri ni mshipa, busha ni mshipa, hata mtoki ukiuma vizuri huitwa mshipa. Watu wawili wanakaa benchi moja wanapeana dawa, mmoja ana utumbo uliotoka, mwingine ana maji.

Jipime hivi, faraghani, saa ambayo huna maumivu. Simama, weka vidole vitatu juu ya uvimbe, kohoa. Ngiri itakupiga vidoleni kama mtu anayebisha hodi kwa ndani. Kisha lala chali, kunja magoti, pumua taratibu. Ngiri ambayo bado ina adabu huingia yenyewe, au kwa kuigusa kidogo tu, na mara nyingine hutoa mlio wa maji ya tumbo. Busha halirudi popote ulale usilale. Limekaa kwenye mfuko wa korodani, na kwa mtu mzima ukiwasha tochi nyuma yake chumba kikiwa giza, mwanga hupita mwekundu kama kupitia kitunguu. Asili yake pwani hii mara nyingi ni vijidudu vya matende vinavyoletwa na mbu. Mtoki ni tezi, gumu kama kokwa, na ukitafuta utakuta kidonda mguuni au kwenye sehemu za siri. Kila kimoja kina njia yake. Na hata ukijipima ukaridhika, mwonyeshe daktari mara moja akuthibitishie, maana kinena kinaficha mambo mengi.

Mimi hayo yote sikuyajua. Nilikwenda kwa mzee kununua uwatu wa nyumbani, akaniona navyosimama, mkono mmoja mfukoni unabana kinena. Nilikuwa nikimwita kaka, kwa heshima tu. Siku hiyo akacheka, akaniambia kwa Kigujarati kaka ni baba mdogo, kwa hiyo tayari nimejipa ukoo na lazima nimsikilize. Akaniketisha juu ya gunia la choroko.

"Mwanangu, imetoka lini?"

Nikasema, "Nini?"

Akasema, "Hiyo unayoishika."

Alichonieleza pale ndicho kilichonifanya nimwamini. Kuna kitabu chao cha kale cha Kisanskriti, Sushruta Samhita, kilichojaa habari za upasuaji. Kitabu hicho kinahesabu aina saba za uvimbe wa korodani, na kati ya hizo kimetenga wa maji na wa utumbo, jambo ambalo benchi letu la Mgandini halijaliweza hadi leo. Wa maji kinaufananisha na kiriba kilichojaa, na tiba yake ni kutoboa na kuyatoa maji. Wa utumbo kinataja sababu zake: kubeba mzigo mzito, kupigana mweleka na aliyekuzidi nguvu, kuanguka mtini. Kuli, mpiganaji na mgema wa Tongoni, wote wametajwa. Na utumbo ukishashuka hadi kwenye korodani, kitabu kinasema hapo dawa haina kazi.

Kitabu cha dawa kinachokiri kwamba hili siliwezi! Wiki mbili kabla ya hapo nilimpa mganga mmoja fedha ya siku nne za mkokoteni, akanichanja chale tatu juu ya kivimbe na kupaka masizi. Yeye hakukiri lolote. Nilipata usaha.

Upepo, na ule ukuta

Ayurveda husema mwilini mna nguvu tatu, na ile inayohusika na ngiri ni vata, yaani upepo: mkavu, baridi, mwepesi, hautulii. Tawi lake moja, apana, kazi yake ni kusukuma kwenda chini: choo, mkojo, hewa, mtoto wakati wa kuzaliwa. Upepo huo ukizuiwa njia yake, hutafuta njia nyingine. Mzee alipofika hapo nikamwambia, kaka, haya mbona ni ya kwetu? Wazee wa pwani nao hupima mwili kwa hari na baridi, rutuba na yabisi, na maumivu ya viungo mpaka leo tunayaita baridi yabisi. Akafurahi sana. Akasema baridi na yabisi, hiyo ndiyo vata yenyewe, mmeiweka ndani ya jina la ugonjwa.

Daktari naye, kwa lugha yake, alinieleza kitu kinachokaribiana. Ukuta wa tumbo una sehemu dhaifu, kinenani, kitovuni, au pale uliposhonwa zamani. Kila unapojikamua, unapokohoa au unapoinua mzigo, shinikizo la tumboni hupanda na kutafuta pale penye udhaifu. Tundu likishapatikana haliponi kwa kunywa kitu, kwa sababu ni pengo la ukuta, si kidonda. Lakini shinikizo unalitawala mwenyewe, kila siku. Hapo ndipo mafundisho ya mzee yana thamani, na nitakaa hapo.

Chooni

Charaka, tabibu wao mwingine wa kale, ameorodhesha haja 13 ambazo mtu asizizuie. Mkojo na choo vimo, hewa ya chini imo, chafya, mbeuo, miayo, njaa, kiu, machozi, usingizi, na hata kule kuhema baada ya kazi ngumu. Nilipozisikia nilijiona nimesomewa mashtaka. Kuli hazuii moja, huzizuia zote. Choo unakibana toka saa mbili asubuhi kwa sababu tishari linangoja, ukifika nyumbani kimekauka, unakisukuma mpaka mishipa ya shingo inatoka. Miaka ishirini hivyo. Mimi naamini lumbesa ilimalizia tu kazi ambayo choo kigumu kilikwisha kuianza.

Fanya hivi. Ukiamka, kabla ya chai, kunywa maji ya uvuguvugu, vikombe viwili, ukiwa umekaa. Mimi huchemsha usiku kijiko kidogo cha jira, nayatia kwenye chupa ya chai, asubuhi yako tayari. Tembea uani dakika chache. Haja ikija, nenda; isipokuja, kaa chooni dakika tano kwa saa ileile kila siku na usilazimishe. Tumbo ni kama punda wa mkokoteni, hujifunza saa.

Choo cha kuchuchumaa tulichonacho majumbani mwetu ni neema, usione haya nacho. Kama una cha kukalia, weka kigoda chini ya miguu magoti yapande juu ya nyonga, inama mbele kidogo, viwiko juu ya mapaja. Na hapa sikiliza: usizibe pumzi. Ukiziba pumzi na kusukuma, unasukuma ngiri pia. Toa pumzi mdomoni polepole kama unayepoza uji, huku ukiiachia sehemu ya nyuma ilegee. Mwenye ngiri tayari aweke kiganja juu ya kivimbe akishikilie. Dakika kumi zikipita bila kitu, ondoka. Simu iache nje.

Choo laini hutengenezwa na chakula cha jana. Papai bivu, kisamvu, matembele, mchicha, machungwa ya Muheza ukila na nyama yake nyeupe badala ya kufyonza na kutupa. Ugali wa dona badala ya sembe. Maji ya kutosha, hasa ukifanya kazi juani. Ukizidisha majani bila maji utajiongezea kuvimbiwa, nimeyapata hayo mwenyewe.

Sasa mseto. Mhindi huita khichdi, akiugua ndicho chakula cha kwanza, na sisi tuna mseto wa wali na choroko toka kwa bibi zetu. Kwa watu wawili chukua kikombe kimoja cha mchele na nusu kikombe cha choroko zilizolala ndani ya maji usiku kucha. Maji hayo mwaga. Chemsha pamoja kwa vikombe vitano vya maji safi, manjano kidogo na chumvi, moto mdogo, mpaka kijiko kikipita kinaacha njia inayojifunga polepole. Pembeni yayusha vijiko viwili vya samli, tupia jira. Ikianza kurukaruka na kubadilika rangi, tia tangawizi mbichi iliyotwangwa, kisha mvuje kiasi cha mbegu moja ya papai, usizidishe. Hapo jiko zima litanuka vibaya kwa muda wa kuhesabu hadi kumi, halafu harufu inageuka, inakuwa kama kitunguu kilichokaangwa vizuri. Mimina yote juu ya mseto, funika.

Mama watoto siku ya kwanza aliusikia mvuje toka uani akaja mbio kuuliza nani kapandisha shetani. Kwake mvuje ni wa kumfunga mtoto mchanga na kufukuza vijini, si wa kula. Siku hizi anautia hata kwenye maharage, maana ameona mwenyewe tumbo halijai hewa. Maharage nayo yaloweke, maji ya kwanza mwaga, na ule kidogo.

Kiasi cha kula: matabibu hao wanasema ligawe tumbo mafungu manne, mawili chakula, moja maji, moja liache wazi. Sisi Waislamu tumeambiwa theluthi chakula, theluthi maji, theluthi pumzi. Hesabu hazilingani lakini zote mbili zimemwacha njaa kidogo yule anayekula wali mpaka anafungua mkanda. Na usilale na tumbo la shibe. Kuna ngiri nyingine ambayo haionekani, tumbo linapanda kuelekea kifuani kupitia tundu la kiwambo, ule ukuta unaotenga tumbo na kifua, mtu anapata kiungulia na maji machungu kooni. Huyo ndiye hasa ale kidogo mara nyingi, apunguze pilipili na mafuta, akae saa tatu kabla ya kulala, ainue kichwa cha kitanda kwa matofali.

Unga wa matunda matatu, na makopo ya kuogopa

Dawa ya Ayurveda utakayoisikia zaidi kwa habari ya choo ni triphala, maana yake matunda matatu: haritaki, bibhitaki na amalaki, yaliyokaushwa na kusagwa. Mzee alinipa nianze na nusu kijiko cha chai ndani ya maji ya moto wakati wa kulala. Ladha yake ni chachu, chungu na kavu kwa pamoja, kama kulamba mlango. Inalainisha choo, hilo nathibitisha. Haikugusa ngiri yangu hata kwa upana wa uzi, na mzee hakuniahidi hivyo. Ukiharisha, acha. Mjamzito asitumie, na mwenye kisukari au anayetumia dawa za hospitali aulize kwanza. Ukikosa fedha yake, papai na maji ya uvuguvugu vinakutosha, mimi sasa nimerudi huko.

Mafuta ya nyonyo yako kwenye vitabu vyao vya kale kwa uvimbe wa korodani, yakinywewa na maziwa, na bibi zetu nao walikuwa nayo. Ni ya kuharisha yenye nguvu. Si ya kila siku, si ya mjamzito, na kamwe si ya mtu ambaye ngiri imekwama au tumbo limefunga. Chini nitaeleza kwa nini.

Makopo ya unga mwekundu au mweusi yenye majina marefu na picha za miungu, yanayouzwa kwa mikono na watu wapitao, yapite. Kuna tawi la Ayurveda linalotumia madini yaliyochomwa. Mwaka 2004 watafiti wa Boston huko Marekani walichapisha matokeo ya kupima dawa 70 za Ayurveda walizozinunua madukani kwao: 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Mimi nilishanunua kopo kama hilo. Mzee alilifungua, akalinusa, akalifunga, akanirudishia bila neno. Nilielewa, nikalitupa.

Kupaka mafuta ya ufuta yenye joto mgongoni, mapajani na tumboni kuzunguka kitovu ni jambo zuri, linatuliza, nalifanya usiku wa kazi nzito. Lakini juu ya kivimbe chenyewe usikande, usisugue, usichome, usichanje. Ndani ya kile kivimbe mnaweza kuwa na utumbo hai.

Nusu ya nguvu

Katika vitabu hivyohivyo kuna kanuni ya mazoezi niliyoipenda kuliko zote: fanya kwa nusu ya nguvu zako. Na wakaitaja alama yake, kwamba jasho likitoka kwenye paji la uso na makwapani, na pumzi ikaanza kutoka mdomoni, umefika nusu, simama. Mwambie hayo kuli wa miaka 25 uone atakavyokutazama. Sisi tulishindana mifuko ya saruji ya kilo 50, miwili miwili, kwa kupigiana makofi.

Lumbesa ikatae. Si kwa sheria tu, kwa kinena chako. Igawe, au ita mtu, hata kama anakunywa chai. Mzigo wa chini usogeze karibu na miguu, kunja magoti, ukumbatie, kaza tumbo la chini kama unayezuia mkojo, na utoe pumzi wakati wa kupanda. Wengi tunafanya kinyume, tunajaza kifua pumzi, tunaziba, tunaguna. Usigeuze kiuno mzigo ukiwa mikononi, hamisha miguu. Ndoo mbili za nusu, mkono huu na huu, ni bora kuliko moja iliyojaa upande mmoja.

Mwendo wa miguu, kutoka Ngamiani hadi Raskazone na kurudi alfajiri, unanitosha. Baiskeli pia, mji wetu si wa vilima. Ya kulala chali na kuinua miguu yote miwili, au kujikunja tumbo mara hamsini kama vijana wa mazoezi, mwenye ngiri ayaache. Mzee alinionyesha moja ya kwao: lala chali, vuta goti moja kifuani huku unatoa pumzi, shikilia kidogo, badilisha. Hewa ya tumbo inatoka, na ndiyo maana unaifanya peke yako.

Kikohozi ni lumbesa nyingine. Sigara niliacha kwa sababu ya ngiri, si kwa sababu ya mapafu. Ukikohoa wiki mbili, nenda upimwe kifua kikuu. Na mwanamume mtu mzima anayesimama chooni anasukuma mkojo utoke, akaangaliwe tezi dume, maana kule kusukuma ni kuleule. Kitambi pia.

Mkanda wa ngiri niliuvaa mwaka mmoja. Unavaliwa ukiwa umelala na kivimbe kimesharudi; ukiuvaa kimetoka, unakibana. Hauponyi, unasaidia kufika sokoni na kurudi.

Usiku usio wa kuvumilia

Jirani yangu, mvuta mkokoteni kama mimi, ilimtoka baada ya magharibi ikakataa kurudi. Alijilaza, akasukuma kwa vidole kama anayekanda ngano. Ikawa ngumu kama embe bichi, akaanza kutapika, tumbo likajaa, hewa haitoki. Mkewe, kwa mapenzi tu, akampa mafuta ya nyonyo ili tumbo lifunguke. Hebu fikiri: bomba limekunjwa katikati, nawe unafungua maji kwa nguvu. Kulipokucha ngozi ya juu ilikuwa imebadilika rangi. Bajaji ikampeleka hospitali, akapasuliwa siku hiyohiyo, na kipande cha utumbo kilichokufa kikakatwa kikatupwa. Yuko hai, ana kovu refu la katikati ya tumbo.

Kwa hiyo, kivimbe kikiwa kigumu na kinauma na hakirudi, ukitapika, ukikosa choo na hewa, ngozi ikawa nyekundu au nyeusi, homa ikapanda: usile, usinywe dawa yoyote ya kienyeji wala ya dukani, usisukume, nenda hospitali yenye chumba cha upasuaji usiku uleule. Utumbo uliokosa damu unahesabiwa kwa saa.

Wanawake nao wapo. Ngiri inayotoka chini zaidi, juu ya paja, huwapata wao kuliko wanaume na hukwama upesi. Mama mwenye kivimbe hapo asingoje.

Watoto ni kinyume chake. Kitovu kilichojitokeza kwa mtoto mdogo mara nyingi hujifunga chenyewe kabla ya miaka minne au mitano. Mjukuu wangu alifungwa sarafu ya shilingi mia mbili kwa kitambaa, ngozi ikaoza kwa jasho, kitovu kikabaki vilevile. Niliifungua nikamnunulia andazi. Ila kivimbe cha kinenani kwa mtoto ni cha daktari, hicho hakijifungi.

Kisu

Niliuliza kama lazima nipasuliwe. Matokeo ya utafiti wa Amerika ya Kaskazini yaliyotoka mwaka 2006 yaliwahusu wanaume 720 wenye ngiri ya kinena isiyowasumbua sana: kati ya waliongoja chini ya uangalizi, ambao ngiri iliwakwama ghafla walikuwa chini ya wawili kwa kila 1000 kwa mwaka. Lakini karibu robo yao walivuka kwenda kupasuliwa ndani ya miaka miwili, hasa kwa maumivu. Basi kungoja si wazimu, ilimradi haikuumi, inarudi, na hospitali iko karibu. Mtu wa kijiji cha mbali apige hesabu nyingine. Yangu ilikuwa imefika ukubwa wa chungwa na inashuka. Hata kitabu cha mzee kilishanawa mikono.

Nilipasuliwa hospitali ya Bombo hapa Tanga, kwa ganzi ya mgongoni, nikasikia vyuma vikigongana bila kusikia maumivu. Hutia wavu mdogo kuimarisha ukuta. Kama unaogopa gharama ya wavu, jua kwamba huko mashariki mwa Uganda wanaume 302 walishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2016, nusu wakatiwa wavu wa kiwandani, nusu kitambaa cha chandarua kilichotakaswa. Baada ya mwaka, ngiri ilimrudia mtu mmoja tu kati ya wote. Nilipomsimulia mama watoto alitazama chandarua chetu kwa heshima mpya.

Kabla ya upasuaji mtajie daktari kila unachokunywa: triphala, tangawizi nyingi, vitunguu saumu vya kutafuna, aspirini. Vingine huchelewesha damu kuganda.

Ukirudi nyumbani, kazi kubwa ni ileile ya chooni, na hapo ndipo miaka ya mzee ilinilipa. Baadhi ya dawa za maumivu hufunga choo. Siku tatu za mwanzo nilikula mseto mwepesi, papai na maji ya jira, na choo cha kwanza kilitoka bila kusukuma, kiganja juu ya bandeji. Kukohoa na kupiga chafya, kandamiza mto juu ya kidonda. Tembea toka siku ya kwanza, ndani ya nyumba, kisha uani. Mzigo, wiki sita usiguse, labda kikombe. Wiki ya saba mama watoto aliniwekea ndoo ya lita 20 mlangoni kunijaribu. Nilichuchumaa, nikaisogeza karibu, nikamimina nusu kwenye ndoo nyingine, nikatoa pumzi, nikainua.